Mabega ya Mama na Muziki ya Mulango Yenye Kutu

Udongo ya kaburi ya shemeji yangu Gaspari ilikuwa haijakauka, na wajukuu wake wakanikujia pale nilikuwa nimekaa ku mukeka. "Bibi, siku ya kumaliza matanga, wakati wakubwa watasimama kusema maneno juu ya babu, tutie muziki gani nyuma ya maneno? Hatutaki ya kulia. Babu mwenyewe alisema asililiwe sana." Watoto wale wako na masanduku ya sauti yenye ukubwa wa nyumba ya mbuzi. Wako na telefone yenye imebeba nyimbo yote ya dunia, na ya mbinguni pia. Na bado wanakuja kuuliza mimi, mwanamuke mwenye hajaingia shule hata kwa kujificha mvua, mwenye meno yamebaki kinywani kama watu wa misa ya asubuhi siku ya baridi. Nilicheka mpaka wakaniletea maji. Kisha kicheko ikakatika. Ile swali niliijua. Ilinishika mara ya kwanza wakati wa Wabeleji, mwaka nilifika Kasongo, na maneno yake ilikuwa hii hii: muziki gani ya furaha tutie nyuma ya maneno, siku ya ndoa ya huyu huyu Gaspari.

Mwaka ule nilikuwa bibi arusi mupya mimi mwenyewe. Yuma, fundi wa nguo, alinitoa Wamaza, kijiji yetu, akanileta Kasongo juu ya kamio, lori ya pamba, mimi na kuku wangu na sufuria yangu, na nilishuka mweupe kama muzungu, pamba mpaka ndani ya masikio. Nyumba yetu ilikuwa vyumba mbili. Moja ya kulala, na ingine ya mashini ya kushona, na ile mashini ilikuwa na nafasi kunipita. Mbele kulikuwa barza, na ku barza, juu ya kiti yake peke yake, fono. Mimi nilikaa chini ku mukeka, fono ilikaa ku kiti. Hapo unajua nani alikuwa bibi mukubwa wa ile nyumba. Ilikuwa fono ya kuzungusha na mukono. Uzungushe kidogo, mwimbaji anaimba kama mutu mwenye usingizi. Uzungushe mingi, anaimba kama amekanyaga siafu. Yuma aliiweka pale ili watu wenye kupita wasimame, na wenye kusimama wakumbuke kama suruali yao imepasuka ku matako. Diski zake zilikaa ndani ya sanduku ya biskuti. Alinifundisha kubadilisha sindano na kupanguza diski na kitambaa laini, na kabla ya mvua kurudi, mukono yangu ilijua ile kazi kumupita yeye. Mutaa yote walisema: kama unataka nguo, enda kwa Yuma, kama unataka muziki, enda kwa bibi ya Yuma. Nilijiona mutu mukubwa. Sikujua kama ukubwa unakuja na muzigo yake.

Mudogo wangu Feza alikuja kunitembelea wakati wa kuvuna mupunga, na hakurudi Wamaza na roho yake yote. Nusu ilibaki kwa Gaspari, karani wa kampuni ya pamba, kijana murefu, mukavu, mwenye kalamu mbili ku mufuko ya shati hata siku ya Mungu. Gaspari hakujua kucheka na meno yote. Ukimuambia neno ya kuchekesha anafikiri kwanza, anaangalia kama iko na kosa ndani, kisha anasema, "Ni kweli." Lakini Feza alimupenda ule ukavu wake. Ndugu wa Gaspari wakaenda Wamaza na mbuzi na heshima, na Baba mukubwa Kabwe, mwenye alikuwa kichwa ya jamaa yetu, akawakubali. Alikubali na nusu ya kinywa. Nusu ingine ilikuwa Lusangi, kwa rafiki yake mumoja muzee mwenye alikuwa amezika wabibi wake wote na mbuzi zake bado zilikuwa mingi kama majani. Kila mara Baba mukubwa alimuangalia Feza, ulimuona anafikiri Lusangi.

Sasa musikie juu ya bukwe, juu bila hiyo mutafikiri tulikuwa wajinga. Kwetu mukwe mwanaume na mama mukwe hawachezi na heshima yao. Hawakuli mbele ya mumoja na mwingine. Hawaangaliane uso. Na kutingiza mwili mbele ya mukwe wako, kucheza ngoma anakuona, hiyo ni sawa kuvua nguo mbele yake. Mama alikuja na Feza kukaa kwetu tangu mvua ya kwanza, ili tutayarishe ndoa, na siku moja Gaspari alikuwa juu ya kinga yake, baisikeli ya kampuni, anashuka kilima, akamuona Mama anapanda na mutungi ya maji ku kichwa. Hakupiga breke. Aliingia na kinga yote ndani ya shamba la muhogo, karavati ya shingoni, kalamu na vyote, akalala mule kimya. Mama naye alikuwa amekwisha kuruka ndani ya shamba ya upande mwingine, na mutungi haikumwaga hata tone. Njia ikabaki peke yake. Walikaa vile kila mutu ndani ya muhogo wake, kila mumoja anangojea mwenzake apite, mpaka mimi nikaenda kuwatoa.

Kama kulikuwa neno ya lazima, Mama alimuambia kuku. Gaspari anakaa barza, mugongo ku mulango. Mama iko ndani nyuma ya pazia. Na kuku wangu wa Wamaza katikati anaokota mupunga. "Wewe kuku, mwambie yule mutu kama sombe imeiva, asikae njaa kama mutu hana kwao." Gaspari anajibu na sauti ya biro, ya ofisi: "Kuku, umwambie Mama aksanti, nimeshiba." "Kuku, mwambie anadanganya, nasikia tumbo yake mpaka huku." Kuku yule alibeba maneno mingi kuliko posta ya Bulamatari, ile serikali ya Wabeleji, na hakupoteza hata moja.

Na mama yangu alikuwa mutu mutulivu, maji ya mutungi, mpaka muziki ilie. Wamaza walisema siku moja alicheza ku kilio mpaka maiti akatingiza kidole. Mimi kidole sikuiona, lakini jeneza niliiona. Mabega yake haikuwa yake. Anaweza kuwa anakuelezea habari ya ugonjwa, uso ya huzuni kabisa, ngoma ikalia ngambo ya muto. Kinywa kinaendelea na ugonjwa, mabega imekwisha kwenda ku ngoma. Watu walitoka mpaka Kabambare kuja kuangalia mabega ya Mama. Ningejua kitu kitanifikia, ningeomba Mungu anipatie mama mwenye kibiongo.

Ilikuwa muchana, jua ya kuchoma bati, Gaspari akafika kwetu na hakutoa kofia. Mama alikuwa ku kisima.

"Shemeji, nimekwisha," akasema.

"Umekwisha nini? Naona ungali murefu vilevile," Yuma akasema, muguu ku mashini.

"Bwana Kipara anasema karamu itakuwa ku barza ya kampuni. Analeta mikate, sardini, divai na vere za kuinywea. Yeye mwenyewe atasimama kusema maneno na kuinua vere."

Bwana Kipara alikuwa mukubwa wake ku kampuni. Ile jina tulimupa sisi, juu ya kichwa yake. Siku ya jua, Kasongo ilikuwa na jua mbili.

"Kama hiyo ndiyo kukwisha," Yuma akasema, "na mimi nikwishe leo."

"Anataka muziki nyuma ya maneno yake. Muziki ya furaha. Anasema maneno ya ndoa bila muziki ni kama kusoma hesabu ya pamba. Na anataka wazazi wa pande zote wakae na sisi ku meza moja. Anasema kwao mama wa bibi arusi anakaa mbele, karibu na mukwe."

Mashini ikasimama. Mu barabara mutu alikuwa anaita mbuzi yake, na nilisikia hata pumuzi ya ile mbuzi.

"Umwambie hapana," nikasema.

"Shemeji, kuna karani alimuambia hapana juu ya kofia tu, kofia Bwana alimupa kama zawadi. Leo anapima pamba kule hata mbu hawataki kwenda. Atanituma kule, na Feza hatakubaliwa kunifuata."

Baba mukubwa Kabwe alishuka kutoka Wamaza kuja kusimamia ndoa, na tukamuelezea. Alisikiliza na macho ya kufunga, anatafuna karanga moja ile moja mpaka nikafikiri ni jiwe. "Kinywa," akasema, "tutaificha na maua. Mutie chungu cha maua katikati ya meza, mukwe na mukwe wasionane midomo. Na hawatakula. Lakini mabega? Mabega tutaificha na nini?" Akamuangalia Feza. Niliona Lusangi ndani ya jicho yake. "Nasema mbele yenu wote. Mwili yenye itatingizika pale ku meza, iwe ya mukwe mwanaume, iwe ya mama mukwe, ile saa ile ndoa imekufa. Feza anapanda kamio na mimi. Mimi sitaishi kuchekwa na Wabangubangu wote, watu wetu, juu ya vere ya muzungu." Feza alinifuata nyuma ya nyumba, akanishika mukono ya kuume, ile ya kuzungusha fono. "Dada," akasema, "ndoa yangu iko mu hii mukono." Kisha akaenda kuosha vyombo kama hajasema kitu. Tangu ile saa bukari, ugali yetu ya muhogo, ilikataa kushuka. Nilikuwa naitia kinywani, inakaa pale inazunguka, mpaka Yuma akasema natafuna kama Baba mukubwa.

Tukaanza kutafuta. Kitu tulitaka ilikuwa rahisi kusema: muziki yenye kumufurahisha Bwana Kipara na isimutingize Mama. Tulikuwa tunatia diski, Mama iko nyuma anafanya kazi yake, mimi na Yuma tunamuchungulia ku dirisha, vichwa viwili kama wezi. Siku ya kwanza tulianza na rumba ya kutoka Leo, ule muji mukubwa wa Wabeleji. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kabla gitare haijamaliza kusalimia, muchi ikaingia ndani ya rumba, ikatoka, ikarudi na pindo, na sombe ya ile siku ilitwangika mpaka ukaweza kuinywa. "Mama, jikaze," nikamuambia. "Nimejikaza, mwanangu," akasema, na kweli jasho ilikuwa inamutoka. "Nikijikaza hapa juu, inatokea hapa chini." Tukatia kwaya ya misioni. Shingo yake tu ilicheza, tukaona heri, lakini Gaspari akasema kutoka barza, "Bwana amesema furaha. Ile ni ya kunizika." Tukatia muziki ya tarumbeta, ya waaskari. Mama alitia mwiko ku bega kama bunduki, akaenda na hatua mpaka choo, akageuka na hatua, akarudi. Majirani wakapiga saluti.

Yuma akasema hii ni kazi ya fundi. Akamushonea Mama blauzi ya sherehe yenye kubana mabega na mikono, kitambaa kigumu cha hema, nyuzi mara mbili. Mama akaivaa, akakaa wima kama nguzo, hakuweza hata kujikuna. Nikatia rumba. Nyuzi zilianza kulia moja moja, ta, ta, ta, kama mahindi ndani ya moto, na mukono ya kushoto ya blauzi ikaanguka ndani ya sufuria ya maharagi. Mama akaangalia ile mukono inaelea. Sasa sitasahau uso yake. Hakucheka. Alikaa chini ku jiko na kusema polepole, "Mwamini, na kama mimi ndio nitauwa ndoa ya mwanangu? Mimi mwenyewe, na huu mwili?" Nilijua kumuchekesha mama yangu ku kila kitu. Pale nilitoa tu ile mukono ndani ya maharagi. Leo niko na umri kumupita yeye wa wakati ule, na najua ilikuwa woga gani: woga wa kuona furaha yako ndio itamuumiza mutoto wako. Wakati ule niliona tu kama karamu inakaribia na sanduku ya biskuti imekwisha.

Basi Gaspari akaleta diski ya Bwana Kipara mwenyewe. Alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa, anaishika kama mutoto wa kuzaliwa jana. "Ni ile anapenda," akasema. "Anaipiga kule nyumba yake karibu na biro, kila siku, kutoka tunafungua mpaka tunafunga. Hana ingine anasikiliza. Tukitia hii hawezi kusema haiko ya furaha." Kisha akaenda kusimama nyuma ya jiko, juu Mama alikuwa ndani anachagua mupunga, na hakuna mutu alifikiri tena kumuangalia. Nikatia sindano mupya. Ikatoka kinanda cha kuvuta, ile ya kufungua na kufunga kama mapafu. Mama akainua kichwa. Mimi nikashika mukono ya Yuma, yeye akashika yangu. Mabega: hakuna. Shingo: hakuna. Kidole ya muguu: hakuna. Mama akarudisha macho ku ungo. "Huyu ni nani anafungua mulango yenye kutu?" akauliza. "Mwambieni aitie mawese."

Yuma alinibeba juu, akazunguka na mimi mpaka akagonga mashini. Tuliipiga tena, tukaipiga asubuhi, tukaipiga Mama anakula, Mama anafagia, Mama amelala. Hakuna kitu. Baba mukubwa akaitwa kusikiliza, akasikiliza mpaka mwisho na fimbo katikati ya magoti. "Hii hata mbuzi hawezi kuicheza," akasema, na nikaona imemuuma kidogo.

Siku ya ndoa nilikuwa nimebeba fono ku kichwa mimi mwenyewe kutoka nyumbani mpaka kampuni, sikukubali mutu aiguse. Barza ya kampuni ilikuwa na harufu ya mafuta ya mashini na pamba. Walikuwa wametandika shuka nyeupe ku meza murefu, juu yake mikate iliyokatwa, sardini zimelala zimepangwa kama watu wa ndani ya kamio, na vere zenye miguu nyembamba kiasi ya kuogopa kuziangalia. Katikati, chungu cha maua, kikubwa kama mutu amekaa. Huku Gaspari na Feza, ngambo ya maua Mama, na Baba mukubwa kando yake na fimbo. Mama alikuwa amevaa kikwembe mupya, kitenge ya kujifunga, ingine imekunjwa ku bega, blauzi ya kitambaa laini. Sahani yake tupu, sahani ya Gaspari tupu. Watu wengine walikuwa wanakula sardini na macho ku mabega ya Mama, juu habari ilikuwa imetembea, na nafikiri nusu ya Kasongo walikuja kungojea nyuzi zipasuke. Fono yangu ilikuwa ku meza ndogo karibu na nguzo. Nilikuwa nimebadilisha sindano na kuibadilisha tena.

Bwana Kipara akasimama na vere, akanipa ishara na kidevu. Nikatia sindano. Mulango yenye kutu ikaanza kufunguka. Bwana akaanza kusema na Kiswahili yake ya kuamrisha, ile hata "nakupenda" ingetoka kama "beba gunia".

"Gaspari ni karani muzuri," akasema. "Feza ni musichana muzuri. Pamba ya mwaka hii ni muzuri."

Mimi sikusikiliza. Nilikuwa naangalia Mama. Mama alikuwa jiwe. Alikuwa jiwe yenye imezaa mawe. Feza akaniangalia, nikamufungia jicho, na kwa mara ya kwanza tangu ile muchana ya jua, pumuzi ikashuka mpaka chini.

Kisha nikaona kijiko. Kulikuwa kijiko ku meza mbele ya Gaspari, na kilikuwa kinaruka. Nikashusha macho chini ya shuka. Viatu vya Gaspari vilikuwa vinakwenda, kulia kushoto, kulia kushoto. Pale ndio nikafahamu. Ile diski, Gaspari alikuwa ameisikia kila siku ya Mungu, kutoka biro inafunguka mpaka inafungwa. Amepima pamba nayo, amebeba magunia nayo, amepiga muhuri nayo. Ilikuwa imeingia ndani ya mifupa yake, na hakujua. Sisi wote tulijaribu Mama, na hakuna mutu hata mumoja alijaribu Gaspari, juu nani angefikiri kujaribu nguzo? Viatu vikapandisha ile kitu ku magoti. Magoti ikapatia kiuno. Na uso yake ungali uso wa karani, kavu, anamusikiliza mukubwa wake na heshima, hana habari. Na mabega yake, yale mabega murefu yenye hatukuona kutingika hata siku moja, ikaanza kufunguka na kufunga kama kile kinanda.

Feza aliona. Hakumugusa, aliniangalia mimi. Mukono yangu ilikuwa juu ya sindano. Nikiitoa, Bwana anakata maneno, anageuka, anauliza nani ameharibu, na Gaspari anakwenda kupima pamba kule mbu wanaogopa. Nikiiacha, Baba mukubwa. Na Baba mukubwa alikuwa amekwisha kuona. Niliona fimbo yake inasimama polepole. Niliona shingo yake inageuka kwa Mama, na furaha ya Lusangi inapanda mu uso yake kama maziwa mu sufuria.

"Mama Mwamini," akasema chini chini, lakini meza yote wakasikia, "umeona kitu mukwe wako anafanya mbele yako?"

Pale Mama alikuwa amekaa, hakukuwa Mama tena. Kulikuwa kikwembe. Alikuwa ametoa ile ya ku bega, ameitupa juu ya kichwa, imemufunika mpaka kiuno, amekaa mule ndani kama mutungi yenye imefunikwa.

"Nimeona nini?" kikwembe kikasema. "Mimi niko ndani nalilia mutoto wangu mwenye kuolewa. Kuna mukwe hapa? Nani ameniambia?"

Kwetu mama mwenye kulilia binti yake siku ya ndoa, hakuna mutu anamufunua. Baba mukubwa alijua kunipita. Fimbo ikarudi chini. Na mule ndani ya kikwembe, kilio cha Mama kikaanza. Kilianza ku bega ya kuume, kikapita ku bega ya kushoto, kikashuka, kikapanda, na kilikuwa kinaenda sawasawa na mulango yenye kutu, hakipotezi hata hatua. Ile muziki yenye haikumutingiza siku zote zile! Watu wakaanza kusikitika, "Analia sana huyu mama." Bwana Kipara akamuangalia, akapanguza jicho yake na kidole.

"Mama analia," akasema. "Muzuri. Kwetu pia mama analia."

Diski ilikuwa inakaribia mwisho na Bwana bado na vere mu mukono. Mukono yangu ikaamua yenyewe. Nikazungusha fono mpaka chuma ikakataa, nikarudisha sindano ku mwanzo. Baba mukubwa akageuza kiti yake, akakaa kuangalia magunia ya pamba kama mutu hajaona pamba tangu azaliwe. Habari ya kidole ya muguu yake sitaisema. Amekwisha kufa, tumuheshimu. Na vere zikainuliwa, na Gaspari akainua yake na uso ya hesabu, mabega inaenda, na mpaka siku alikufa hakukubali kama alicheza. "Sikucheza," alikuwa anasema. "Nilikuwa nasikiliza maneno ya mukubwa." Feza alikuwa anamujibu, "Ni kweli."

Jioni tulikuwa tunaosha vyombo nyuma ya nyumba, mimi na Mama, na kwa mara ya kwanza bukari ilikuwa imeshuka mpaka mahali yake. Kuku alikuwa anazunguka pale ku miguu yetu anatafuta mabaki ya mukate. "Mama," nikasema, "kule ndani ulikuwa unalia ao unacheza?" Alisugua sahani mpaka ikataka kutoboka. "Uliza kuku," akasema.

Feza alitangulia, miaka iliyopita, na Mama zamani sana, na sasa yule murefu naye. Siku ya kumaliza matanga niliwaambia watoto wazime masanduku yao. Nikamuita yule mujukuu wake mwenye kupiga kinanda cha umeme ku kwaya, nikamuimbia kwa kinywa: fungua, funga, fungua, funga. Alitafuta na vidole, akapotea, akarudi, akaipata. Mutoto mukubwa wa Gaspari akasimama kusema maneno juu ya baba yake, kazi yake, kalamu zake mbili, ukavu wake, na nyuma ya maneno mulango yenye kutu ikafunguka polepole ndani ya kiwanja yote. Niliona kijana mumoja murefu wa ile jamaa, kule nyuma, viatu vyake vimeanza bila yeye kujua. Mimi nikatoa kikwembe ku bega, nikajifunika.

Sijui nilikaa mule wakati gani. Kulikuwa joto, kulikuwa harufu ya sabuni, na mabega yangu ilikuwa inafanya kazi yake. Kisha mukono kidogo ikavuta pindo, na kitukuu mumoja akaingiza kichwa chini.

"Bibi," akauliza, "uko unalia ao uko unacheza?"

Nikachungulia kiwanja yote nitafute kuku wa kumupatia jibu. Hakukuwa hata mumoja. Walikuwa wamewachinja wote juu ya wageni.